Vitu vya Namba Kumi na Nne

Fundi wa jengo letu tunamwita Bisibisi, kwa sababu bisibisi haimtoki mfukoni hata siku ya kwenda msibani. Ana miaka ishirini na mbili katika nyumba hizi za halmashauri, na muda wote huo kodi yetu ilikwenda makao makuu ikaishia huko huko. Ukiomba kitasa unajaza fomu, kisha unasubiri mpaka unasahau uliomba nini.

Mwaka huu utaratibu umebadilika. Sehemu ya kodi inabaki hapa kwa matengenezo, na kamati ya wapangaji ndiyo inayoamua. Sharti ni moja: kusiwe na chumba kitupu. Basi ofisa mpya wa halmashauri, dada mmoja mwenye faili kifuani, akataka afunguliwe namba kumi na nne, iliyokaa na kufuli miaka.

Bisibisi aliutafuta ufunguo kwa muda mrefu kuliko kawaida. Mlango ulipofunguka, tuliona kuta tu. Bomba hamna, sinki hamna, kioo cha dirisha hamna, hata swichi.

"Mzee, umeuza vyote?" ofisa akauliza.

"Sijauza."

"Basi vimeota miguu? Usiponiambia viko wapi, kazi huna kuanzia leo."

Akafuta viganja kwenye suruali. "Bomba liko kwa bibi wa namba tatu. Sinki, namba ishirini na moja. Swichi moja iko ngazini, nyingine kwa yule mshonaji." Akaendelea hivyo, kama mwalimu anayeita majina darasani.

"Mbona hukuandika?"

"Ningeandika, mngenikataza."

Tulicheka. Ofisa hakucheka.

Mimi si mtu wa kusema mbele za watu. Lakini nilikuwa na mwanangu mgongoni, nikajikuta nasema, "Kioo kiko kwangu, dada. Nilirudi kutoka kujifungua, dirisha nimeziba kwa boksi na mvua inaingia. Siku ile ile alikileta, amekikumbatia kifuani."

Ofisa akanitazama, akamtazama mtoto. "Nionyesheni."

Tukapita mlango kwa mlango. Kila kitu kilikuwa pale alipotaja.

Kazi hakuipoteza. Alipewa daftari, na kamati ikanunua vifaa vya namba kumi na nne. Juzi nilimkuta kwenye mlango wa chumba hicho, anageuzageuza kitasa kipya.

"Mama mtoto, hiki tumekitoa chumba gani?"

"Dukani, babu."

"Haya," akasema. Akaanza kukifunga taratibu, huku akiangalia nyuma kama mtu anayengoja mwenyewe aje kukidai.