Shule yetu ilisifiwa na kila mgeni, ila barua ya baba mdogo ilinishinda kusoma

Wakuu, marahaba. Najua hamjaniamkia bado, lakini kwa umri wangu huu napokea mapema.

Nimeusoma ule uzi wenu wa shule ipi ya msingi ni bora, mpaka ukurasa wa mwisho. Mmoja anataka bwawa la kuogelea. Mwingine basi lenye kiyoyozi. Kuna mama yeye kashikilia tai, eti mtoto asiye na tai hafundishiki.

Nimewaelewa wote. Mimi nilisoma shule bora kuliko hizo zenu, enzi za Mwingereza, huko Ugweno, milima ya Upare. Nawasimulia yaliyonikuta kama yalivyokuwa.

Shule yetu ilikuwa na mawe meupe.

Msicheke. Njia nzima hadi mlangoni kwa Mwalimu Mkuu ilipangwa mawe, na kila Ijumaa tuliyapaka chokaa. Kulikuwa na bustani ya maua pia, tuliimwagilia kila asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza. Mara nyingi, badala ya kipindi cha kwanza.

Mwalimu Mkuu tumwite Elinihaki. Kaptura yake ilinyooshwa pasi mpaka unaogopa kuigusa. Yeye aliamini shule ikipendeza, na akili za watoto zinajipanga zenyewe kama mawe.

Kusoma tulisoma kwa kuimba. Mwalimu anatamka, sisi tunapokea. Mpaka nafika darasa la tatu, kitabu chote kilikuwa kichwani mwangu, na nukta zake.

Mgeni akija naitwa mbele mimi. Siku moja kwa haraka nilikishika kitabu kichwa chini, nikasoma ukurasa mzima bila kukwama. Mgeni akapiga makofi. Mwalimu Mkuu akapiga makofi. Nyumbani baba akasimulia wiki nzima.

Mafanikio hayo, wakuu!

Sasa, mdogo wake baba, baba mdogo Eliesikia, alikuwa ameteremka kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya katani kule Tanga. Siku moja ikaja barua yake. Kuandika hakujua, aliandikiwa na karani.

Baba angeweza kuipeleka kwa mwinjilisti asomewe. Ataipelekaje, na binti yake ndiye anayepigiwa makofi na wageni? Akaita majirani, akanikalisha kwenye kigoda.

"Haya mwanangu, tusomee."

Nikaifungua. Wakuu, sikuona hata neno moja ninalolijua. Hakukuwa na picha ya ng'ombe. Hakukuwa na mwalimu wa kuanza kutamka.

Basi nikasoma. Nikasema baba mdogo hajambo, kazi inakwenda vizuri, anawasalimu wote mmoja mmoja, na bibi nikamtaja kwa jina. Majirani wakaitikia, "Tunashukuru." Bibi akafuta machozi ya furaha. Mimi nikapewa ndizi ya kuchoma.

Haikupita wiki akaja mwalimu mpya, Mwalimu Nakiete, mwanamke kutoka Upare Kusini. Kipindi chake cha kwanza hakuimba. Akaandika ubaoni sentensi ambayo haimo kitabuni, akaniita nisome, maana alishaambiwa habari za nyota wa shule.

Nikasimama. Nikamtazama. Kwa kujiamini nikaanza ukurasa wa kwanza wa kitabu.

Hakunichapa, hakucheka. Aliwaruhusu wenzangu watoke, akanikalisha.

"Tangu lini hujui?"

"Tangu darasa la kwanza, Mwalimu."

"Na nani mwingine anajua kwamba hujui?"

Hapo nikaangua kilio, nikamwambia habari za ile barua.

Jioni hiyohiyo akapanda nami hadi nyumbani. Baba alidhani amekuja kunisifu, akamtolea kiti kizuri. Mwalimu akaomba barua, akaisoma taratibu.

Baba mdogo alikuwa ameumia mguu na mundu wa kukatia katani. Kidonda kimeoza. Hawezi kusimama, amelala kambini, anamwomba kaka yake aje amchukue upesi, maana hapo hana ndugu.

Nilikuwa naingoja fimbo, na wallahi niliitaka. Baba hakunigusa. Aliuliza kitu kimoja tu:

"Bibi yako alivyolia kwa furaha pale, wewe ulijua kwamba husomi?"

"Nilijua, baba."

Akachukua blanketi lake. Alfajiri akateremka tambarare kuwahi treni ya Tanga.

Alimkuta hai. Mguu haukuwahiwa, walishaukata chini ya goti. Daktari alisema siku chache mapema pengine ungepona. Hilo baba alinificha mpaka nikiwa mtu mzima.

Baba mdogo alipoletwa nyumbani na kupata nguvu, akajikongoja na magongo yake hadi shuleni. Mwalimu Mkuu akampokea kwa heshima zote, akamtembeza bustanini. Baba mdogo akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Mwalimu Mkuu, mawe yako ni meupe sana. Yenyewe yanasoma?"

Mwalimu Elinihaki akajibu kwamba shule ina sifa hadi wilayani. Jibu zuri, ila halikuwa la swali lile.

Mwalimu Nakiete yeye aliendelea kutuharibia sifa. Alitukalisha wawiliwawili, anayejua na asiyejua. Aliuliza nani hajala, akazunguka majumbani kuwaambia akina mama watufungie viazi. Mwenzetu mmoja aliyechapwa miaka miwili kwa uzembe, akagundua haoni ubao, akamhamishia mbele. Ukikosea hakuchapi, anakuuliza umefikaje hapo. Na maji ya kumwagilia maua, akaturuhusu tusiende kuteka.

Mkaguzi wa Kizungu akaja. Darasa letu lilisoma gazeti alilokuja nalo mwenyewe, polepole, kwa kukwama, lakini tulisoma. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akatoka nje, akaona maua yamekauka.

Wenye akili mmeshajua. Mwalimu Nakiete alihamishiwa Kihurio, tambarare kwenye joto na mbu. Mwalimu Elinihaki akapandishwa cheo. Maua yakarudi.

Ila sisi tulishajua kusoma, na hilo hawakuweza kulihamisha.

Baba mdogo, mtu mzima na ndevu zake, akaniomba nimfundishe. Kila jioni tulikaa jikoni, mkaa ndio chaki yetu, na nilimfundisha kama nilivyofundishwa. Ilichukua mwaka mzima. Barua yake ya kwanza kwa mkono wake alimwandikia Mwalimu Nakiete, mistari mitatu ya shukrani.

Majibu yakaja. Mwalimu alishukuru sana. Na ndani ya bahasha alirudisha ile barua ya shukrani ya baba mdogo, imesahihishwa makosa manne kwa wino mwekundu.

Baba mdogo aliisoma mwenyewe, sauti juu, na makosa yake yote, akicheka.

Wakuu, fundisho nililopata: kabla hujalipa ada, mpe mtoto wa shule hiyo maandishi ambayo hajawahi kuyaona, halafu nyamaza usikilize. Kisha muulize mwalimu ni mtoto gani haelewi. Akisema hakuna, mchukue mwanao mwondoke.

Wenye tai nanyi semeni, uwanja ni wenu. Matusi yaandikwe kwa herufi kubwa, macho yangu siku hizi hayaoni vizuri.