Ng'ombe wa Eunike

Miaka ile baada ya vita vya Uganda, wezi wa ng'ombe waliwatesa watu wa mlimani kuliko njaa. Mtu alilala na panga chini ya mto, akiamka anakuta kamba imekatwa na banda tupu. Baadaye kichwa na kwato vinaokotwa kwenye mibuni ya mtu mwingine. Watu walichoka. Ndipo polisi wa mjini Moshi wakapanda, wakakaa na mabalozi wa nyumba kumi, wakakubaliana kufanya msako wa pamoja. Na ili asiwepo balozi wa kumfichia jirani yake, ikapangwa kila balozi akakague nyumba za mwenzake. Mpango ulikuwa mzuri, na hakuna aliyeupinga. Uliwanasa wezi kweli kule bondeni, na ulimnasa Ebenezeri.

Ebenezeri hakuwa mwizi. Ila alikutwa na ng'ombe, na nyumba kumi zote za balozi Gidioni zilijua kwamba Ebenezeri hana ng'ombe. Mlimani ng'ombe hatembei nje. Anakaa bandani mwaka mzima, analetewa majani na vigogo vya migomba vilivyokatwakatwa, na mwenye nyumba asipotaka aonekane, haonekani. Sajini aliyeongoza msako alikuwa mtu wa Singida, ambako ng'ombe huchungwa juani na kila mtoto anajua yupi wa nani. Alimulika tochi kwenye giza la banda, akaona jike jeusi lenye baka jeupe kifuani, tena lina mimba.

"Huyu wa nani?"

"Yuko kwangu, afande," Ebenezeri akasema.

"Sikuuliza yuko wapi. Nimeuliza wa nani."

Ebenezeri hakusema neno tena, hata alipofungwa pingu. Sajini akaagiza Gidioni aitwe, akamuuliza mbele ya watu kama raia wake huyu ana ng'ombe. Gidioni akajibu kwamba anavyojua yeye, hana. Siku hiyo alikuwa anasema kweli.

Eunike, mke wa Gidioni, alikuwa amesimama kando ya njia na wanawake wenzake Ebenezeri alipopitishwa. Ng'ombe alikuwa wake.

Kaka yake ndiye aliyempa, akiwa ndama. Kabla ya huyo alishawahi kupewa mwingine, akamfuga nyumbani kama mke mwema, Gidioni akamuuza na fedha zote zikaishia kwenye pombe ya mbege. Kwa huyu wa pili Eunike hakufanya ujinga ule. Alimpeleka kwa Ebenezeri, kama watu wa mlimani walivyofanya tangu babu zao: ng'ombe wako anakaa kwa mwenzako, yeye anakunywa maziwa na kutia samadi kwenye migomba yake, wewe unachukua ndama, na jina la mwenye ng'ombe halitajwi. Halitajwi kwa jirani wala kwa serikali, na likitakiwa kufichwa hata kwa mume, linafichwa. Mtunzaji akilitaja, hapati tena ng'ombe wa mtu mpaka anaingia kaburini. Ebenezeri, maskini mwenye kihamba chembamba cha migomba na pumu ya kurithi, hakuwa na sifa nyingine ya kujivunia duniani isipokuwa hiyo ya kufunga mdomo.

Na ng'ombe yule alikuwa na kazi yake. Yuditha, binti pekee wa Eunike, alikuwa ameachwa na mume akiwa na mtoto mgongoni, akienda kulima mpunga wa watu kule Chekereni, maji hadi magotini. Ng'ombe akishazaa, Yuditha angekuja kumchukua pamoja na ndama, aanze maisha. Hapakuwa na kingine cha kumpa. Shamba ni la wanaume, kahawa ni ya Gidioni, na nyumba pia ni ya Gidioni.

Kwa hiyo wazo la kwanza lililomjia Eunike pale njiani halikuwa zuri, na hakuna sababu ya kulipamba. Aliwaza: Mungu wangu, asinitaje.

Hakumtaja. Siku zikapita, ng'ombe amefungwa nyuma ya ofisi ya kijiji kama kielelezo, na Ebenezeri yuko mahabusu mjini. Elinipendo, mke wa Ebenezeri, alikuwa akishuka mjini kumpelekea chungu cha ndizi na kupanda nacho. Asubuhi moja alimkuta Eunike anakata majani kando ya mfereji.

"Mama Yuditha, jana hawakuniruhusu kumwona. Nilimsikia tu anavyohema, nikiwa nje ya ukuta."

"Amesema nini?"

"Tangu mwanzo alinikataza nisije kwako." Elinipendo akajifuta macho kwa kanga. "Sijaja. Nimepita kukata majani."

Hakuwa na ng'ombe wa kumkatia majani, na wote wawili walilijua hilo. Eunike aliacha mundu palepale, akaenda kuvaa viatu.

Kituoni mjini, sajini alimsikiliza hadi mwisho, akakuna kichwa.

"Mama, tangu tumshike huyu ng'ombe, watu kadhaa wameshakuja kusema ni wao. Wote wanalijua lile baka. Nani shahidi wako?"

"Ebenezeri mwenyewe."

"Huyo ni mtuhumiwa. Aliye ndani atakubali lolote ili atoke." Hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka tu. "Sisi na raia tunafanya kazi kupitia balozi. Ijumaa napanda naye kijijini. Balozi wako akisimama akanithibitishia, namfungulia hapohapo. La sivyo Jumatatu nampeleka mahakamani, na akienda rumande sina uwezo naye tena."

"Balozi wangu ni mume wangu, afande."

"Basi imekuwa rahisi zaidi," akasema sajini.

Rahisi! Eunike alirudi na njia nzima akitafuta maneno. Alimwambia Gidioni wakati wa kula, akiwa amesimama karibu na mlango. Gidioni akaweka sahani chini.

"Tangu lini?"

"Tangu akiwa ndama."

"Kwa hiyo mimi nazunguka na polisi kutafuta wezi, na mke wangu amenificha mimi kama mwizi." "Nani mwingine anajua?"

"Ebenezeri na mkewe." Hakumtaja Yuditha wala kaka yake. "Baba Yuditha, nipige ukitaka, lakini mtu anakufa kwa ajili yangu."

Hakumpiga. Alichukua sahani akamaliza chakula chake, akasema Ijumaa watakwenda pamoja. Eunike alilia kwa shukrani, akamshika mikono. Ndivyo alivyokuwa amekata tamaa: alimshukuru kabla ya kujua anashukuru nini.

Ijumaa watu walijaa mbele ya ofisi ya kijiji. Ebenezeri aliketi chini, pingu mikononi, kifua kinapiga filimbi. Gidioni alikuja na shati la kijani la chama, limepigwa pasi.

"Afande," akasema kwa sauti ya mikutanoni, "ng'ombe huyu ni wangu. Mimi ndiye niliyempa Ebenezeri amtunze."

Sajini akamkazia macho. "Siku ya msako ulisema hana ng'ombe."

"Na hana. Ni wangu mimi. Huku kwetu mwenye ng'ombe hatajwi mbele za watu, ndiyo maana na yeye amenyamaza. Nilitaka kuja kukueleza taratibu, ofisini. Waulize wazee."

Wazee wakaitikia kwa vichwa, kwa sababu kuhusu desturi alikuwa anasema kweli tupu. Sajini naye akaanza kuitikia. Kisha akamwona Eunike.

"Mama, wewe si ulikuja kwangu ukasema ni wako?"

Watu wote wakageuka. Gidioni hakugeuka. Eunike alitaka kupiga kelele mpaka mlima usikie. Lakini alijua sajini angeona nini: mume na mke wanagombea ng'ombe, ushahidi umepingana, na mtuhumiwa anapandishwa gari. Ebenezeri alikohoa, akainamia magoti yake.

"Ni wa mume wangu, afande," Eunike akasema. "Nilikosea kusema."

Pingu zikafunguliwa. Sajini akamshika Gidioni mkono, akawaambia watu kwamba mabalozi wa namna hii ndio wanaotakiwa. Elinipendo akapiga magoti mbele ya Gidioni, analia, anamwita baba. Ebenezeri peke yake hakumshukuru mtu. Alimtazama Eunike, akafungua mdomo. Eunike akatikisa kichwa, naye akaufunga tena.

Ng'ombe hakuzalia kijijini. Gidioni alimpeleka mnadani Sanya Juu na tumbo lake. Yuditha alipopanda kutoka Chekereni, mtoto mgongoni na kamba mpya mkononi, mama yake alimpokea mlangoni. Alimwambia kama alivyomwambia sajini: ng'ombe alikuwa wa baba yake, na baba yake ameshamuuza.