Waya wa Kanyere

Yaya Kanyere, yaani dada mkubwa wa mtaa, alizaliwa Butembo, akaolewa hapa Kisangani na muuza chumvi. Bwana yake alipofariki, aliuza magunia yaliyobaki, akanunua foni: sanduku la redio, mikrofoni, batri ya gari, na waya mrefu uliofungwa juu kati ya michikichi miwili. Simu za mkononi tulikuwa tunazisikia tu kwa hadithi. Vita vilikuwa vimefunga barabara, basi mtaa wetu wote wa Mangobo ulisemea kwake.

Watu walipiga kelele kwenye mikrofoni, wakidhani sauti kubwa ndiyo inafika mbali.

"Papa, unataka kumeza mikrofoni?" Kanyere alimwambia mzee Alfani, jirani yetu. "Si koo yako inaenda Butembo. Masini inageuza sauti kuwa mawimbi, waya inayatupa hewani, kule wanayakamata. Sema polepole, halafu *à vous*, zamu yao, achilia bouton wajibu!"

Safi wangu, mtoto wa kwanza, alikuwa Banalia kwa mama yangu. Surua ikamshika. Asubuhi moja mama alisema kwenye foni: macho yamefunga, hali kitu. Jioni angerudi kusema kama ameamka. Nilibaki pale pale, kifungua mimba wangu kule, mdogo wake Amani mgongoni.

Mchana wakaja askari. Wale wale ambao kila Jumapili walikuwa wanaruka mstari wetu ili kusalimia wake zao kwenye foni!

"Antena za raia zote zishuke," mkubwa wao akasema. "Munaongea na adui."

"Adui gani?" nikamuuliza. "Mutoto wangu iko na surua."

Hata hakunitazama. Mmoja alipanda mchikichi, akakata waya, akauzungusha mkononi kama kamba ya mbuzi. Sanduku waliliacha. Bila waya, yule aliyeukata alisema akicheka, ni kiti tu. Nani aliwauzia hewa, mpaka waifunge? Walikuja kutoka mbali na bunduki zao, wakahesabu mpaka pumzi ya mtoto wangu kuwa ni siri ya vita!

Kanyere hakulia. Alitazama uani kwangu, hatua chache tu kutoka kwake, kwenye waya wa kuanikia nguo.

"Mama Safi, vitambaa vya Amani vimekauka?"

"Vimekauka."

"Bon. Usiondoe hata kimoja."

Akaupima waya kwa hatua, akaukata mahali pamoja, akauunganisha na sanduku kwa kipande kilichopita chini ya mlango wake.

"Lakini uko chini sana, yaya."

"Wa juu ulikuwa wa mbali. Huu wa chini unarusha mawimbi juu kabisa mbinguni, yanarudi kuanguka karibu. Na Banalia ni karibu."

Jioni askari wawili walikaa barabarani, wakitazama michikichi. Nguo za mtoto hawakuzijali. Ndani Kanyere aliita, akaita tena. Mluzi, mikwaruzo, kisha mama yangu, kama yuko chini ya maji:

"Amefungua macho. Amekunywa uji. Anakuuliza. *À vous.*"

Kanyere alinipa mikrofoni, akaweka kidole mdomoni. Nje askari walikuwa wanacheka. Basi nikamnong'oneza mwanangu mwenyewe, nyumbani kwa watu wangu, kama mwizi:

"Safi, mama iko hapa. *À vous.*"

"Mama!" akajibu, kwa sauti ndogo tu. Ilifika yote.