Kuapa Kwamba Hatujaoana

Miaka thelathini na moja nimepika katika nyumba ya mume wangu, nimemzalia watoto watano, na bado nikatakiwa kuleta karatasi ya kuthibitisha kwamba ananijua. Figo zake zilikuwa zinachoka. Daktari alisema kabla ya masika awe ameanza mashine ya kusafisha damu, na bima ninayopewa kama mwalimu hapa Garsen ingemlipia, mradi cheti cha ndoa kiwepo. Sisi tulioana kimila, kijijini kando ya mto, mbele ya wazee na masufuria ya wali. Siku ile nani angeuliza cheti?

Karani wa ndoa aliniambia ya kimila pia husajiliwa, chifu wa mahali ilipofanyika akiandika barua. Nikajaza fomu kwa mwandiko wangu wa ubaoni, na penye mahali pa harusi nikaandika jina la kijiji chetu cha zamani. Hapo ndipo nilipojiponza. Mto Tana ulipofurika ulijipasulia njia mpya katikati ya kijiji kile. Tulihamia ukingo huu, na uga tulimochezewa ngoma ukabaki ng'ambo, katika lokesheni nyingine, yenye chifu wake.

Chifu wetu alisoma, akanirudishia. "Mwalimu, hapo si kwangu. Nenda kwa mwenzangu."

Nikavuka kwa mtumbwi. Mwenzake akasema, "Mahali ni pangu, lakini watu ni wa kule. Nitaandikaje harusi ya watu nisiowajua?"

Nilivuka mto ule mara nne. Mara ya mwisho sikuwa na hasira hata kidogo. Niliketi mtumbwini, faili mapajani, nikatamani tu mtu aniache nilale.

"Mama, mnajisumbua," karani akasema. "Fungeni ndoa ya serikali. Mnaapa hamjawahi kuoa wala kuolewa, tangazo linakaa ubaoni siku ishirini na moja, mnapewa cheti."

Nilipomweleza mume wangu, aliweka kikombe chini.

"Niape kwamba wewe si mke wangu?"

"Uape utibiwe."

"Basi niache nife na mke."

Nilimfokea. Nilimwambia kufa ni kazi rahisi, anayebaki ndiye mwenye kazi, na mimi nimechoka kuvuka mto. Asubuhi alivaa shati lake la kanisani. Mbele ya wakili niliapa kwanza, kwa sauti ya darasani, ili aone kwamba inawezekana. Yeye aliapa akitazama sakafu. Tangu siku hiyo hakunitania tena, yeye ambaye hata wali ukiungua hakosi neno. Tuliishi kwa adabu, kama wageni. Iliniuma kuliko matusi.

Hakuna aliyepinga tangazo. Tukafungishwa ndoa kwa dakika chache, na wiki iliyofuata akalazwa kando ya mashine, mrija mkononi. Nesi, binti mdogo tu, alisoma karatasi zetu akatabasamu.

"Mmeoana Jumanne? Hongera, mzee!"

Sikuthubutu kumtazama mume wangu. Niligeukia dirishani, nikasubiri.

"Asante, binti yangu," nikamsikia akisema. "Sasa funga hilo pazia. Bado tuko fungate."

Nikaketi ukingoni mwa kitanda chake, nikavua viatu.