Majina Matatu ya Ndugu Yangu

Nilikuwa bado mtoto wa darasa la tatu, tukiishi mtaa wa Tena, ndugu yangu mdogo alipobadilishwa jina mara ya kwanza. Alizaliwa Mutua. Alikuwa na miaka minne, hajasema hata "mama", na ukimwita hageuki. Furaha yake ilikuwa kufuli. Angeshika kufuli ya mlango akaizungusha mpaka chakula chake kipoe.

Susu, ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita nyanya, alikuja kutoka Kitui akamtazama kidogo tu. "Jina limekataliwa," akasema. "Kuna mzee wetu aliyekufa anayetaka kuitwa, na nyinyi mmemsahau." Akamtemea mate ya baraka kifuani, akamwita Kyalo. Tukakatazwa kabisa kutamka Mutua. Mimi niliona raha, kana kwamba tumepata mtoto mpya.

Mwalimu wake wa chekechea hakuona raha. Alimfuata mama hadi langoni.

"Mama Mutua, juzi nilimwita jina lake akaniangalia. Anajifunza, pole pole. Mpeleke hospitali apimwe, kuna watu wa kumfunza kuongea."

"Siku hizi anaitwa Kyalo," mama akamjibu. "Nitampeleka, mwalimu. Wacha kwanza jina limkae."

Halikumkaa. Akapewa la tatu, Muthama, na shule ikaachwa. Inaniuma hadi leo: alikuwa ameanza kugeuka, nasi tukamnyang'anya neno lenyewe. Wala hakuna aliyemchukia. Tulimpenda mno.

Tulipohamia mtaa wa Tassia alikuwa mwanamume mwenye ndevu. Mchana mmoja mlango uliachwa wazi, akatoka, akaingia ploti ya jirani, yenye vyumba vya kupanga, na kuanza kushika kufuli za watu, mlango kwa mlango. Mtu akapiga kelele za mwizi. Wakamzingira. "Wee msee ni nani? Unaishi ploti gani? Ongea!" Aliziba masikio, akacheka. Wakamwangukia kwa mawe na mbao.

Nilipofika alikuwa ameshakata roho. Kijana mmoja, ubao ukiwa bado mkononi, aliniambia kwa huruma kabisa, "Sista, si angesema tu jina. Tungemwachilia." Ningemwambia jina lipi?

Mwaka uliofuata dada yetu kitinda mimba alijifungua mvulana. Susu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo mama ndiye aliyemtemea mate na kumpa jina: Mutua. Sasa mtoto anakimbia nyumba nzima, ila ukimwita hageuki. Nimewaomba apelekwe akapimwe. Nimegombana nao, nimelia. Dada anamtazama mama, na mama anatabasamu, tabasamu ambalo sikuwa nimeliona tangu tumzike mwanawe.

"Mwacheni," anasema. "Amerudi."

Majibu ninayo, na yote ni ya kweli, lakini hakuna hata moja litakalompa mama furaha aliyopata katika neno hilo. Kwa hiyo mtoto hapelekwi popote.