Kurasa Nyeusi za Kisima cha Thora

Anayemwona Thora Eyolfson kwa mara ya kwanza humkuta akitembea kinyumenyume. Mgongoni amebeba tangi la maji ya moto, mkononi ameshika mpira wenye kichwa cha matundu madogo, naye hurudi nyuma hatua kwa hatua kutoka mwanzo wa uwanja wa barafu hadi mwisho wake, akipunga mkono kushoto na kulia. Matone yakigusa barafu huganda papo hapo yakawa vijipele visivyoonekana vizuri kwa macho. Bila vijipele hivyo, jiwe la kilo ishirini la kerling, mchezo wa kutelezesha mawe kwenye barafu hadi kwenye duara, haliwezi kufika linakotakiwa. Thora hageuki kutazama aendako. Kazi hiyo ameifanya kwa miaka ishirini na miwili katika klabu ya Lundby, mji wa watu mia nane kaskazini mwa Winnipeg, na watu wa huko hawakumbuki barafu iliyowahi kuwaangusha.

Ana umri wa miaka sitini na sita. Ni mwembamba, sauti yake ni ya chini, na hapendi kurudia neno alilokwisha kulisema. Majirani humwita mkimya, ingawa neno linalomfaa zaidi ni mvumilivu, kwa kuwa jambo moja amelisubiri tangu mumewe alipokufa na bado analisubiri.

Jambo lenyewe ni kisima. Zamani palikuwa na kituo cha rada cha jeshi pembeni mwa Lundby, na wanajeshi walipoondoka, nyumba tano za Barabara ya Kituo ziliachiwa kisima chao. Thora na mumewe, Lorne, walikunywa maji yale kwa miaka thelathini na mmoja. Miaka minne iliyopita, theluji ilipoanza kuyeyuka, watu wawili wa serikali kuu walifika na gari jeupe, wakachota maji kwenye chupa, wakaondoka. Baada ya wiki sita walirudi wakafunga kisima kwa kufuli. Hawakusema sababu. Wakati huo Lorne alikuwa akisafishwa damu mara tatu kwa wiki, maana figo zake zilikuwa zimegoma. Alifariki Novemba ya mwaka ule ule. Siku chache kabla ya kukata roho alimwuliza mkewe swali moja.

"Hivi yale maji yalikuwa na nini?"

Thora aliona aibu kutolijua hilo, kana kwamba ni yeye aliyeficha kitu.

Sheria ya nchi inampa kila mwananchi haki ya kuomba nyaraka za serikali yake. Thora aliomba ripoti ya kisima, akangoja miezi kumi na minne. Bahasha ilipofika ilikuwa na kurasa sitini na moja, na hamsini na nane kati ya hizo zilikuwa zimepakwa wino mweusi kutoka juu hadi chini. Zilizoachwa ni jalada, orodha ya yaliyomo, na ramani ya barabara anayoishi mwenyewe. Alizipeleka klabuni Jumanne moja kwa sababu hakujua pengine pa kuzipeleka.

Jumanne ndiyo siku ya ligi. Desturi ya klabu ni kwamba mchezo ukiisha timu mbili huketi meza moja, na walioshinda huwanunulia walioshindwa kinywaji cha kwanza. Hakuna ruhusa ya kuchukua koti na kwenda zako, hata kama umegombana na mtu. Kwa ajili hiyo Wendell Hrynchuk na Gisèle Desrosiers hujikuta ana kwa ana mara nyingi kuliko wanavyotaka. Wendell ni mkulima wa kanola, zao la mbegu za mafuta, na bango la chama chake cha bluu husimama shambani mwake mwaka mzima, kuwe na uchaguzi kusiwe na uchaguzi. Gisèle ndiye mkuu wa posta, na ni mtu wa chama chekundu tangu utotoni. Wekundu ndio waliokuwa wakitawala kule Ottawa, makao makuu ya nchi.

"Wino huu ni wa kwenu, Gisèle," Wendell alisema, akigonga ukurasa mweusi kwa kidole. "Mnahubiri uwazi asubuhi, jioni mnanunua wino kwa mapipa."

"Na nani alikiacha kile kituo na uchafu wake wote ardhini? Mlitawala miaka mingapi nyie, Wendell? Hamkupima hata kikombe kimoja!"

"Tuliwaacha watu waishi. Haki ndiyo hiyo. Serikali ikae mbali na mlango wangu."

"Ikae mbali, wewe uoge sumu kwa uhuru wako. Haki tamu hiyo, jamani!"

"Bora sumu yangu kuliko huruma yenu."

"Nyamaza bwana wee, hata mkeo hakipigii kura chama chako."

Meza nzima iliangua kicheko, na Wendell naye akacheka, kwa kuwa lilikuwa kweli. Thora hakucheka. Alikusanya kurasa zake moja moja, akazipanga kwa utaratibu.

"Mnaongea kana kwamba kisima ni cha vyama," alisema. "Lorne alikuwa hapigi kura kabisa. Mimi nataka kujua alikunywa nini, basi."

Ni Gisèle aliyemweleza habari za ombi la wananchi. Watu ishirini na watano wakitia sahihi kwenye karatasi, mbunge yeyote anaweza kulisoma ombi hilo Bungeni, awe anakubaliana nalo au hakubaliani, na serikali inalazimika kulijibu kwa maandishi ndani ya siku arobaini na tano. Thora aliandika sentensi tatu tu. Aliomba ripoti ya kisima cha Lundby itolewe yote, bila wino. Karatasi tatu aliziacha klabuni kando ya birika la kahawa, na ya nne akaipeleka mwenyewe kwenye chakula cha mchana cha kanisani. Kufikia Krismasi alikuwa na majina mia moja na kumi na sita. Aliyahesabu mara mbili, akazitia karatasi kwenye bahasha bila kusoma tena sentensi zile tatu, maana alikuwa amezihifadhi kichwani. Akampelekea mbunge wa eneo lao, Carolyn Teichrob, mwanamke wa chama cha bluu.

Mwishoni mwa Januari bahasha ilirudi. Ofisi ya mbunge iliandika kwa masikitiko kwamba karani wa Bunge amezikataa karatasi tatu kati ya nne. Ombi likishaandikwa haliruhusiwi kuongezwa hata neno moja, na hizi zilikuwa zimeongezwa. Chini ya sentensi za Thora, kwenye karatasi ya kwanza na ya tatu, mtu alikuwa ameandika kwa herufi ndogo kuwa wanaoficha ripoti ni serikali ya wekundu. Kwenye ya pili, kwa wino wa kijani, mtu mwingine alikuwa amejibu kuwa waliokiacha kisima kichafu ni bluu. Karatasi safi ilibaki moja, ile ya kanisani. Ilikuwa na majina kumi na tisa, pungufu ya ishirini na matano yanayotakiwa.

Thora alikaa jikoni na koti lake mwilini hadi chai ikapoa. Redio ilikuwa ikizungumzia uvumi wa uchaguzi wa ghafla. Bunge likivunjwa, maombi yote hufa pamoja nalo, na mtu huanza upya kutoka mwanzo. Alimfikiria Lorne. Baada ya hapo alifikiria umri wake mwenyewe, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo.

Jumanne iliyofuata alizibandika karatasi zile tatu ukutani, juu ya birika la kahawa, kisha akachukua tangi lake akaenda kuandaa barafu. Wachezaji walifika mmoja mmoja, wakasoma, wakashusha sauti zao.

"Mwandiko wa kuku," Gisèle alimwambia Wendell wakifunga viatu. "Tangu darasa la tatu hujabadilika."

"Na huo wa kijani? Mji mzima una kalamu moja ya kijani, mama, nayo imefungwa kwa kamba pale posta."

"Kalamu za kijani zinauzwa kila duka."

"Haya. Tucheze."

Katika kerling wachezaji hufagia barafu mbele ya jiwe ili liteleze zaidi, na mchezo wa klabu hauna refa. Mchezaji akiligusa kwa ufagio jiwe linalotembea, hata kama hapana aliyeona, ni juu yake mwenyewe kusimama na kusema, na jiwe hilo huondolewa. Watoto wa Lundby hufundishwa jambo hili kabla hawajaweza kulisukuma jiwe lenyewe. Usiku wa siku hiyo, katika zamu ya mwisho, timu ya Wendell ilihitaji jiwe moja tu kushinda. Wendell alikuwa mbele akifagia kwa nguvu, na watu wote walikuwa wakitazama duara lililo mwisho wa uwanja. Jiwe lilikuwa linaelekea pale pale lilipotakiwa. Hatua tatu kabla ya duara, Wendell alisimama wima akainua mkono.

"Nimeligusa," alisema.

Hapana aliyeona. Hapana aliyembishia. Walilisimamisha jiwe, wakalitoa pembeni, na timu ya Gisèle ikashinda.

Kwa desturi ile, Gisèle ndiye aliyepaswa kumletea kinywaji. Alipofika mezani na glasi, Wendell alikuwa amemgeukia Thora.

"Ya kwanza na ya tatu ni mimi," alisema. "Nilidhani nakusaidia, Thora. Kweli nilidhani hivyo."

Gisèle alibaki amesimama na glasi mkononi. Watu walitazama vinywaji vyao. Walijitahidi sana wasimtazame yeye, na jitihada hiyo ilimwelemea kuliko macho yao. Mwishowe aliiweka glasi mezani.

"Ya pili ni yangu," alisema. "Nilisoma ule upuuzi wake, damu ikanichemka. Nikasema siwezi kuuacha ukae pale peke yake."

"Lorne aliniuliza maji yalikuwa na nini," Thora alijibu. Sauti yake haikupanda. "Ninyi wawili mmemjibu nani wa kulaumiwa. Hakuuliza hilo."

Macho ya Gisèle yalijaa machozi, ingawa baadaye alidai ni moshi wa jikoni.

Thora hakusema amewasamehe. Aliwapa kazi. Wangezunguka mji mzima wawili kwa pamoja, mmoja akishika ubao wa karatasi na mwingine kalamu, na katika kila nyumba wangesoma sentensi zake tatu kwa sauti bila kuongeza neno. Jumamosi mbili mfululizo walionekana wakipita katika baridi ya nyuzi thelathini chini ya sifuri, wamevaa kofia za manyoya, wakibishana barabarani na kunyamaza wakifika mlangoni. Mzee mmoja wa mtaa wa reli alifungua mlango ufa mdogo akawatazama kwa mashaka.

"Hii ni ya chama gani?"

Wendell alifungua kinywa. Gisèle alimkanyaga buti.

"Ya kisima," Wendell alisema.

Mzee alitia sahihi. Walirudi na majina mia mbili na saba, na safari hii Thora alisoma kila mstari wa kila karatasi kabla ya kufunga bahasha. Karani alizipitisha zote. Mwishoni mwa Februari waliwasha televisheni ya klabu wakamwona mbunge Teichrob akisimama Bungeni. Kwa simu, Thora alikuwa amemwomba kitu kimoja, asiongeze hotuba. Mbunge alisoma muhtasari wa ombi kwa muda usiozidi dakika moja, akaketi. Viti vingi nyuma yake vilikuwa vitupu.

"Ndiyo hivyo tu?" Wendell aliuliza.

"Ndiyo hivyo," Gisèle alisema. "Sasa wanadaiwa jibu."

Siku arobaini na tano ni nyingi kwa mtu anayezihesabu. Msimu uliisha, mashine za kupoza zikazimwa, na Thora akasukuma maji ya barafu iliyoyeyuka nje ya mlango wa nyuma kwa siku tatu. Uvumi wa uchaguzi ulipanda na kushuka. Kila asubuhi alisikiliza redio mpaka mwisho wa habari kabla ya kunywa kahawa, aliyoipika kwa maji ya madumu. Usingizi wake ulikuwa mwepesi. Alijua jibu linaweza kuwa ripoti nzima, au linaweza kuwa aya mbili za adabu zisizosema lolote, na mara kadhaa alijiuliza kama ana nguvu ya kulipokea la pili.

Siku ya mwisho iliangukia Jumatano ya Aprili. Msaidizi wa ofisi ya mbunge alikuwa ameahidi kupiga simu klabuni mara tu karatasi itakapowasilishwa, saa tisa alasiri. Wendell alifika mapema mno, na tope la shamba kwenye buti zake.

"Saa tisa ya Ottawa au yetu?"

"Yao," Thora alisema. "Kwetu ni saa nane."

Gisèle alikuja mbio, akiwa amefunga posta kwa nusu saa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Wote watatu walikaa mbele ya televisheni. Saa nane na dakika kumi na moja, mwanamume mmoja wa upande wa serikali alisimama na rundo la karatasi mkononi, akasema ana heshima ya kuwasilisha, kwa lugha zote mbili rasmi, majibu ya serikali kwa maombi kumi na saba. Hakusoma hata moja. Alimkabidhi karani rundo lile, akaketi.

"Kumi na saba," Gisèle alinong'ona. "Letu limo?"

"Litakuwamo," Wendell alisema. "Lazima. Sheria ni sheria, iwe yenu iwe yetu."

Thora alinyanyuka. Alikivuta kiti chake karibu na simu, akaketi na mikono magotini, macho yake kwenye chombo kile cheusi ambacho bado hakijalia.