Waya ya Zamani kwa Shosho Mukonyo

Philister Nanjala alisuka watu nywele Kenyatta Market kwa miaka minane kabla hajapanda paa la mtu yeyote. Kilichombadilisha ni fundi mmoja aliyekuja kufunga dishi pale saluni, akahangaika mchana kutwa huku picha ikikataa. Mwishowe Philister, vidole vimejaa mafuta ya nywele, akamwambia, "Lakini si hilo dishi limeangalia gorofa ya jirani?" Dishi likasogezwa kidogo, picha ikaja, na Philister akalala usiku ule akitabasamu peke yake kitandani. Alianza kujifunza kazi hiyo jioni baada ya kusuka. Sasa ana miaka arobaini na mbili, anaishi Jamhuri, ana ngazi yake mwenyewe, na vitana alishavigawa vyote.

Jumamosi moja akaitwa Lavington, nyumbani kwa Shosho Mukonyo, mama wa miaka themanini na mmoja aliyeishi na msaidizi wake, Selpher. Mafundi wawili walikuwa wametangulia wiki ile, wote wakaja na drili, wote wakaonyeshwa geti.

"Hizi mawe Mzee wangu alichonga akiziangalia moja moja," Shosho alimwambia, akiupapasa ukuta wa sebule. "Hakuna mtu atatoboa. Lakini kuna waya ya antena ya zamani, imepita ndani. Tumia hiyo."

"Niione kwanza, Shosho."

"Uione haraka. Shiku anacheza saa kumi."

Shiku alikuwa mjukuu wake, aliyesajiliwa na timu ya voliboli huko Uturuki. Siku hiyo mechi yao ingeonyeshwa kwenye televisheni kwa mara ya kwanza. Shosho alikuwa amevaa gauni la kanisani tangu asubuhi.

Waya ilichungulia chini ya dirisha la sebule, na ncha nyingine ilikuwa juu ya paa, imefungwa kwenye bomba la antena lililoota kutu. Philister alikata kipande kidogo, akatazama ndani. Shaba iling'aa kama mpya. Akacheka kwa furaha. Kufikia saa nane dishi lilikuwa limesimama, na kipimo chake cha mkononi, alichokichomeka palepale kwenye dishi, kilionyesha mawimbi yamejaa.

Akaunga dishi na waya ya zamani, akashuka, akaunga dikoda sebuleni. Hakuna kitu.

Selpher alimtazama Shosho. Shosho alitazama saa ya ukutani. Philister hakumtazama mtu, maana kichwa chake kilikuwa kinakimbia. Juu mawimbi yapo, chini hayafiki, basi kuna kitu katikati.

"Shosho, zamani mlikuwa na televisheni ngapi?"

"Tatu. Hapa, kwa jikoni, na kwa chumba ya Mzee. Alikuwa anapenda habari akiwa amelala."

"Basi nimejua," akasema Philister, na tayari alikuwa anapanda ngazi kuingia darini.

Alitambaa kwa tumbo, tochi mdomoni, utando wa buibui ukimvalisha kilemba. Juu ya chumba cha Mzee akaikuta splita, kile kisanduku kidogo cha kugawa waya moja iende vyumba vitatu. Ilikuwa imeoza. Waya moja iliingia, tatu zikatoka, zote nyeusi, zote sawa. Ipi ya sebuleni?

"Selpher, vuta waya ya hapo chini," akaita, tochi sasa mkononi.

"Navuta."

Hakuna iliyotikisika.

"Vuta kabisa."

"Fundi, nitang'oa nyumba."

Kisha zikasikika kelele, na sauti ya Shosho ikasema, "Toka hapo, wewe unavuta kama mtu amelishwa uji." Mama wa watu alipiga magoti na gauni lake la kanisani, akaishika waya kwa mikono miwili, akavuta kama anayemtoa ndama mtaroni. Kule darini waya ya katikati iliruka na kumpiga Philister puani.

"Nimeiona," akasema kwa kicheko, machozi yakimtoka. "Shosho, wachia."

Aliitupa splita, akaunga waya ya dishi na ile ya katikati moja kwa moja, akakaza. Akasubiri, shavu lake juu ya ubao wenye vumbi. Halafu kutoka chini ukaja mlio ambao hakuwahi kuusikia katika kazi hii, watu wawili wakipiga vigelegele vya makabila mawili tofauti, na katikati yake mtangazaji akizungumza Kituruki.

Alishuka bila kuhesabu vidato. Shiku alikuwa kwenye benchi, jezi namba tisa, akitafuna kucha. "Toa mkono mdomoni," Shosho akamwagiza, na Shiku akautoa. Wote watatu walipigwa na butwaa, kisha wakaangukiana kwenye kochi kwa kicheko.

Philister alikuwa na mteja mwingine Jamhuri. Akampigia akamwambia atachelewa, na hakueleza kwa nini. Seti ya tatu Shiku akaingizwa. Alianzisha mpira kwa sevu nne mfululizo ambazo hakuna aliyeweza kuzirudisha, na kwa kila moja Selpher alizunguka meza mbio. Ya nne Philister naye alizunguka.

Timu ilishinda. Baadaye Shiku akapiga simu ya video, jasho bado likimtiririka, na Shosho akaigeuza simu polepole sebule nzima ili mjukuu aone.

"Shosho, huyo mwenye utando kwa kichwa ni nani?"

"Huyo ni Nanjala," Shosho akajibu, akimvuta Philister kando yake. "Msalimie vizuri. Kesho kutwa anarudi kufunga ya jikoni."

Ilikuwa mara ya kwanza Philister kusikia habari za kazi hiyo ya jikoni. Akaipungia simu mkono.